Beji ya Moto na Kikombe: Kutoka Butembo hadi Kasindi na Kurudi

Tangu nirudi, sijaweza kununua hata fungu moja la sombe, yale majani ya muhogo, bila mtu kuniuliza kilichotokea. Mmeniuliza sokoni, mmeniuliza nje ya kanisa, na mmoja wenu, ambaye sitamtaja, aliniuliza makaburini huku marehemu akiwa bado hajafukiwa. Kwa hiyo naandika mara moja kwa wote. Mambo ya vibali na ya kutafuta lori nayaacha. Kila mmoja wenu ameyapitia katika vita hivi, na hakuna atakayeyasoma kwa raha.

Butembo: beji kifuani mwa shangazi

Mnajua kwamba nafundisha historia katika lise, sekondari yetu ya wasichana. Mnajua pia, maana mmenicheka vya kutosha, kwamba kwa miaka ishirini nimekuwa nikikusanya beji za hija, zile alama ndogo za bati na rangi ambazo mahujaji huzipata huko waendako ili wakirudi kifua kiseme walikofika. Ninazo arobaini na moja. Zipo za Roma, za Lurdi, za Namugongo kwa mashahidi wa Uganda, na moja ambayo padri mmoja mzee aliniachia akiapa kwamba ni ya Yerusalemu, ingawa mgongoni ina jina la kiwanda cha vifungo. Kanuni yangu ni hiyo hiyo siku zote: beji husomwa mgongoni kabla ya usoni. Usoni kila beji ni takatifu. Mgongoni ndipo utaona nani aliitengeneza, kwa sindano ya namna gani, na kama imewahi kuvunjika ikaungwa.

Kanuni hiyo niliivunja mara moja tu, nayo ilikuwa kwa shangazi yangu Katungu.

Shangazi ni mjane aliyepita miaka sabini. Mume wake, Papa Kambale, alikuwa katika kundi la kwanza la watu wa parokia yetu waliokwenda Namugongo kwa miguu, miaka michache baada ya uhuru. Alikuwa safarini juma saba. Alirudi mnene kuliko alivyoondoka, jambo ambalo watu walilihesabu miongoni mwa miujiza. Alileta zawadi mbili. Ya kwanza ilikuwa jiko la petroli lenye rangi ya manjano, ambalo shangazi anapikia chai hadi leo. Ya pili ilikuwa beji ndogo ya buluu yenye ulimi wa moto ukitoka katika kikombe, katikati ya matawi mawili. Alimbandikia mkewe kifuani kwa mkono wake mwenyewe. Tangu afe, shangazi ameivaa kila Jumapili. Kwa nguvu ya beji hiyo anakaa benchi la mbele, na siku ya sikukuu ya parokia ndiye anayebeba bendera ya akina mama, kwa kuwa desturi yetu inataka bendera ibebwe na mwanamke wa nyumba ya wale waliotembea kwanza.

Mwaka huu Maman Kahindo, kiongozi wa akina mama, alisimama mbele ya wote.

"Ile beji hapana na musalaba," alisema. "Beji ya kanisa gani hapana na musalaba? Na kama beji si ya Namugongo, donc ule bwana hapana fika Namugongo. Mwanaume anapotea juma saba. Alikuwa ku nani?"

Akina mama wote wakanigeukia. Mnakumbuka sababu. Miaka minane iliyopita niliandika cheti, nikatia sahihi, kwamba beji ile ni halali: moto wa mashahidi, kikombe cha misa, matawi ya ushindi. Nilikiandika nikiwa nimeitazama beji kutoka upande wa pili wa meza ya chai, kwa sababu si adabu kupindua kitu kilicho kifuani mwa shangazi yako. Sasa niliomba kuipindua. Hapakuwa na jina la kiwanda. Palikuwa na pini ya kawaida ya nguo za watoto, imeshikizwa kwa tone la risasi lililokunjamana kama gamu iliyotafunwa.

Siku hiyo hiyo nilikwenda kwa shangazi. Alikuwa amesimama mbele ya jiko lake la manjano, lile lenye vitundu viwili usoni ambavyo sisi tukiwa watoto tuliviita macho, akinimiminia chai.

"Mutoto yangu," alisema, "kuko mutu mumoja angali muzima mwenye anajua. Muhindo, fundi wa kinga. Balitembea na Kambale. Kisha akabakia Kasindi. Banasema ni juu ya mwanamuke. Enda umuulize."

Nilimwambia ningeweza kumwandikia fundi huyo wa baiskeli barua.

"Barua hapana na macho. Enda weye. Fete ya parokia ni kisha juma mbili."

Ndivyo nilivyofunga safari. Mnaona wenyewe kilichokuwa hatarini. Cheti changu kilikuwa kitu kidogo, hata bendera ingepata mtu mwingine. Lakini kama Muhindo angesema hapana, mwanamke wa miaka sabini na kitu angejua kwamba mume aliyemlilia muda wote huu alimdanganya kwa juma saba, na mimi ndiye ningemletea habari hiyo mkononi.

Butembo hadi bariere ya Kabasha

Nilihitaji beji zangu zote kwa kulinganisha. Mume wangu alishauri nizifiche katika begi. Nilimjibu kwamba mabegi hufunguliwa kwenye kila bariere ya askari, ilhali kifua cha mama wa makamo hakiguswi na mtu. Basi nikazipachika zote arobaini na moja kwenye koti langu la buluu, safu kwa safu, na ile ya shangazi nikaifunga ndani ya leso. Mume wangu alinizunguka mara moja.

"Uko sawa na generali mwenye alipoteza vita yote," alisema, "mais bakamupatia medali ya huruma."

Lori lilikuwa limebeba kabichi na viazi vya Lubero. Dereva, Papa Kakule, alikuwa mtu mwenye adabu kupita kiasi. Huwezi kupita mbele ya nyumba ya wakwe bila kusimama. Hilo tunakubaliana sote. Lakini Papa Kakule alikuwa na wakwe zake, wakwe wa kaka zake, na mahali pamoja wakwe ambao ndoa yao ilikuwa bado inajadiliwa, na kwa hao alisimama muda mrefu zaidi. Kila nyumba ilitupa kitu. Tulipofika juu ya mteremko wa Kabasha tulikuwa tumekula viazi vitamu mara tatu, na mbele yangu alisimama mbuzi aliyekuwa akila kabichi za watu na kunitazama beji moja baada ya nyingine.

Bariere ilikuwa kamba yenye mifuko ya plastiki. Siku hizi makundi ya silaha ni mengi, kila moja na herufi zake na nembo zake, na askari aliyepandishwa kwenye lori kutukagua aliona koti langu akasimama wima. Alipiga saluti. Mimi, kwa mazoea ya shuleni, nikamwambia akae.

Hakukaa. Alishuka mbio akamwita kamanda wake, mtu mnene mwenye sauti ya upole, ambaye alinitazama kutoka chini kana kwamba anasoma tangazo.

"Maman, uko wa mouvement gani?"

"Mimi ni mwalimu, afande. Hizi ni beji za hija."

"Hija ni mouvement ya nani?"

Nilimweleza. Nilieleza vizuri, nadhani, kwa kuwa Papa Kakule alizima injini. Nilianza na mahujaji wa zamani, nikafika Roma, na nilipokuwa naingia Lurdi kamanda aliinua mkono. Akavua bereti yake akaninyooshea. Mbele yake ilikuwa nyota ya fedha yenye miale minane.

"Kama unajua beji, sema hii ni ya cheo gani. Mukubwa yangu alinipatia mbele ya kukimbia."

Niliipindua. Niliijua mara moja. Nimewahi kushika nyingine kama hiyo. Nyota ile hutolewa kwa mahujaji wagonjwa, ili wahudumu watambue ni nani wa kusukumwa kwa kigari. Askari sita walikuwa wanasikiliza. Nilitafuta namna ya kusema kweli bila kufa kwa ajili yake.

"Afande," nilisema, "inavaliwa na wale ambao wengine wanatakiwa kuwasukuma."

Alifikiri. Akawageukia askari wake polepole.

"Munasikia? Ni ya chef, ya mukubwa."

Kamba ikashushwa. Nyuma yetu nilisikia akiwaamuru wasukume pikipiki yake.

Beni, komini ya Beu

Beni tulikwama siku mbili, kwa sababu barabara ya Kasindi ilikuwa imefungwa na hakuna aliyejua kwa hakika ni nani aliyeifunga, hivyo hakuna aliyeweza kuombwa aifungue. Nilikaa katika kata ya Beu kwa Maman Kavira, niliyesoma naye chuoni. Mume wake, Papa Kasereka, ni Mprotestanti na kiongozi wa kwaya. Aliponiona mlangoni na koti langu alimwita mkewe kwanza, kisha akamwita Mungu.

"Madamu," aliniambia tukiwa mezani, mbele ya bugali na samaki wa chumvi, makayabu, "shiye hatuvaake vitu sawa hivi. Imani iko mu roho. Hapana ku koti."

Nilikubali kwa heshima. Nikachukua samaki kidogo.

"Mwambie juu ya tiroir," alisema Maman Kavira.

"Tiroir gani?"

"Ile ya kitanda, Papa."

Papa Kasereka alikula matonge mawili kwanza. Kisha akaenda chumbani akarudi na droo nzima mikononi. Ndani yake zilikuwa beji kumi na nne za makongamano ya kwaya, kila moja imefungwa katika pamba.

"Hizi ni za kumbukumbu tu," alisema. "Sizivaake."

"Anazivaaka mu pijama," alisema mkewe.

Tulizipindua zote kumi na nne kabla usiku haujaingia, mimi na yeye, kwa furaha kubwa, na nikamwonyesha kwamba tatu zilitoka kiwanda kimoja na beji yangu ya Roma. Habari hiyo ilimsumbua. Alimwomba mkewe asiitoe nje ya nyumba.

Maman Kavira aliisogeza beji ya shangazi kwenye taa. "Hii moto nimeiona," alisema. "Nimeiona mara mingi. Mais hapana ku kanisa." Wapi, hakukumbuka. Siku mbili nzima alitafuta: akitwanga sombe alisema labda ni hospitali, akianua nguo alisema labda ni sanduku la chai. Kila alipofungua mdomo niliweka chini nilichoshika. "Hapana ku kanisa": maneno hayo nilikwenda nayo hadi Kasindi.

Beni hadi Kasindi

Lori la pili lilibeba mbao, na mimi nilikaa juu ya mbao. Ruwenzori ilikuwa imejifunika mawingu kama kawaida yake, lakini joto halikujifunika. Kadiri tulivyoteremka kuelekea Semliki, jua lilizipasha beji zangu, na nawaambia ukweli kwamba kila mtakatifu aliniunguza mahali pake. Sikuthubutu kuvua koti, kwa kuwa jirani yangu, mama mmoja mnene mwenye beseni la samaki, alikuwa tayari amelishika mkono.

"Hii ya Mama Maria mwenye mukanda wa buluu," alisema. "Unauzisha namna gani?"

"Siuzi, mama."

"Samaki mbili."

"Haziuzwi. Ni mkusanyo."

"Kama hapana kuuzisha, juu ya nini umezipanga?"

Nilifunga kifungo cha juu cha koti. Alipandisha hadi samaki wanne. Tulipovuka daraja aliongeza wa tano, mkubwa, akamgeuza nione macho yake yalivyo mazima. Nilipokataa huyo wa tano alikasirika kabisa, akanipa mgongo mpaka tulipokuwa karibu kufika. Hapo akafungua jani la mgomba, akagawa samaki wa kukaanga kwa abiria wote, na kwangu akaweka kipande kikubwa kuliko cha wengine.

"Kula," alisema. "Weye ni mutu wa shida."

Nilimwuliza kama anamjua fundi Muhindo. "Muhindo mwenye anagombanaka na batu ya kinga? Nani hapana kumujua?"

Kasindi

Papa Muhindo alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya duka la binti yake, jirani na malori yanayongoja forodha mpakani, akisimamia kwa maneno makali kazi ya mafundi watatu wa baiskeli. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa mwajiriwa wake. Aliniangalia nikikaribia.

"Weye ni wa eglise gani? Ama ni ya makanisa yote?"

Nilijitambulisha, nikaketi, nikafungua leso. Sikumwuliza neno. Mtafiti mzuri hamwekei shahidi jibu mdomoni. Nimewafundisha wasichana wenu hivyo. Aliichukua beji, na hapo nikapata somo ambalo nilidhani mimi ndiye mwalimu wake: hakuitazama usoni hata kidogo. Aliipindua. Akapitisha kidole gumba juu ya lile tone la risasi.

"Hii soudure ni yangu," alisema.

Nilisogeza kiti karibu.

"Bibi ya Kambale angali muzima?"

"Mzima, Papa. Ndiye aliyenituma."

"Anajua?"

"Anajua nini?"

Aliyatazama malori. "Vua kwanza ile koti. Inanipiga mu macho."

Nilivua. Akasimulia, na mimi nampa nafasi asimulie kwa kinywa chake.

"Tulitoka batu kumi na mbili. Bote balikuwa banafunga. Kambale alifunga paka siku ya kwanza tu. Mu njia kila nyumba ya bakristu ilikuwa inatuita kula, na chakula ya muhujaji hapana kukatala, njo kawaida. Mais Kambale alisema hata sahani ya pili, kukatala ni zambi. Kuko bibi kizee mumoja alituchinjia kuku. Asubuyi tunaaga, anasema kungali kuku ingine. Tulilala kwake siku ine, juu kuku zilikuwa ine. Benzetu bakaenda. Miye nilibakia naye, juu yeye njo alikuwa anabeba sufuria yangu. Tukafika Namugongo kesho yake ya fete. Majani yote imekanyagwa, batu hapana. Kuko paka katekista mumoja tu, anafagia. Namuuliza: beji? Anasema: ziliisha jana."

"Kwa hiyo hamkufika," nilisema.

Alinitazama kwa hasira. "Tulifika. Fete njo ilikuwa imeondoka."

Kisha akapoa.

"Kambale alipiga magoti pale peke yake, toka asubuyi mupaka jua ikasimama. Nilisikia anataja majina. Katungu. Kisha Katungu. Kisha tena Katungu. Namuambia: ndugu, na shiye bengine? Anasema: ngoja kwanza, macho yake inaharibika juu ya moshi ya jikoni. Mu kurudi akaona jiko ya petroli ku duka ya Muhindi mumoja. Akatoa blanketi yake, akatoa na saa ya mukono, akapata jiko. Alibeba ile jiko ku kichwa mupaka hapa. Hapa sasa akakaa chini. Anasema: batu ya Butembo bataniuliza beji. Miye nikaangalia ile jiko. Mbele yake kuko kibati kizuri, buluu, moto, kikombe. Nikakitoa. Nikaunga na epingle. Kambale akacheka mupaka akakohoa."

Niliikunja leso. Cheti changu cha miaka minane, chenye matawi ya ushindi na kikombe cha misa, kilinipita mbele ya macho mstari kwa mstari.

"Na wewe, Papa? Wanasema ulibaki hapa kwa ajili ya mwanamke."

"Mwanamuke alikuya nyuma." Aliingia dukani akatafuta kwa muda, akarudi na kitu katika kiganja. Kilikuwa kifuniko cha chupa ya soda, kimenyooshwa kwa nyundo, na mgongoni kina pini ya nguo za watoto na tone la risasi lililokunjamana kama gamu. "Jiko ilikuwa na kibati kimoja tu. Hii njo yangu. Ningerudi Butembo na hii? Nikabakia."

Niliviweka mgongo kwa mgongo. Sijawahi kuona beji mbili zilizothibitishana vizuri hivyo. Akanipa ile ya kifuniko niende nayo iwe ushahidi. "Wasingya, Papa," nilimshukuru, na alikuwa tayari amegeuka kumwambia fundi mmoja kwamba mnyororo haukazwi hivyo.

Kurudi

Safari ya kurudi ilikuwa fupi kwa barabara na ndefu kwa mawazo. Nilikuwa na habari mbili, njema na mbaya, na sikujua ipi itangulie. Kumwambia mjane kwamba mumewe alifika ni rahisi. Kumwambia kwamba kwa miaka yote hiyo ameketi benchi la mbele akiwa na kibati cha jiko kifuani, na kwamba mumewe alimbandikia hicho huku akijua, hilo nililiandaa kwa namna sita, na namna zote sita zilinuka petroli. Beu, Maman Kavira alitukimbilia kabla lori halijasimama. "Nimekumbuka," alisema akihema. "Ku jiko ya mama mukwe yangu." Nilimshukuru.

Kabasha, bariere ilikuwa imebadilika. Kamanda alikuwa amekaa katika kiti kilichofungwa magurudumu mawili ya baiskeli, na askari wawili wakakisukuma hadi kando ya lori.

"Maman wa beji," alisema kwa furaha. "Nilikungoja. Baaskari yangu nabo banataka."

Nilitoa tatu ambazo ninazo mbili mbili. Alizigawa mwenyewe, akimweleza kila askari maana yake, na maana alizotoa zilikuwa bora kuliko zangu. Kisha macho yake yakaangukia leso, ambayo kwa ujinga nilikuwa nimeishika mkononi.

"Na ile?"

Niliifungua. Buluu ilimeta juani. Ulimi wa moto ulisimama katika kikombe chake, mzuri kweli, mzuri kuliko nyota yoyote.

"Hiyo njo nataka," alisema. "Moto. Ni ya commando."

Nimeishi kwa kusema ukweli kuhusu beji, isipokuwa siku moja ya chai, na sasa ukweli ulikuwa silaha pekee niliyokuwa nayo. "Afande, hii si beji. Ni kibati cha jiko la petroli. Tazama mgongoni."

Alitazama. Askari mmoja nyuma ya kiti alikohoa kwa namna ya kucheka. "Chef wa jiko," alinong'ona mwingine. Kamanda aliniwekea ile beji kiganjani kwa vidole viwili, kana kwamba imeungua.

"Maman, peleka hii ku mwenyewe," alisema. "Na hapana kusema niliishika."

Butembo: mbele ya jiko

Shangazi alinipokea mlangoni. Aliwasha jiko la chai, akanipa kiti, akanipa ndizi, akakaa mkabala nami mikono magotini. Niliamua kuanza na baya.

"Shangazi, hii beji si ya Namugongo. Ni kibati cha..."

Alinyoosha mkono. Niliiweka humo. Aliinuka, akaenda kwenye jiko la manjano, akazima moto, akapangusa uso wa jiko kwa ncha ya kitenge, na akakiweka kibati juu ya vile vitundu viwili tulivyoviita macho. Kilitoshea kama kifuniko na sufuria yake. Mimi, mwalimu wa historia, mkusanyaji wa beji kwa miaka ishirini, nilikuwa nimekunywa chai mbele ya vitundu vile tangu utotoni.

"Unafikiri ni nani anasuguaka hii jiko kila siku ya posho, mbele ya Jumapili?" alisema. "Nilijua siku ileile. Alikuwa angali nje, anavua viatu."

"Ulijua. Basi kwa nini ulinituma hadi Kasindi?"

"Hapana juu ya beji." Hakugeuka. "Jiko inauzishwa kila pahali. Alifika?"

Ndipo nilipofahamu kwa nini barua haikutosha. "Alifika," nilisema. "Lakini alichelewa siku moja. Sikukuu ilikuwa imekwisha."

"Siku moja?"

"Moja."

Mabega yake yalianza kutikisika. Alikuwa anacheka. "Paka moja tu. Ku ndoa yetu alichelewa mbili."

Nikamweleza yote: kuku wanne, katekista na ufagio wake, magoti tangu asubuhi, jina lake mara tatu kabla ya jina la mtu mwingine yeyote, macho yake na moshi. Alipofuta macho alisema ni petroli, ingawa jiko lilikuwa limezimwa.

Yaliyofuata Jumapili ya sikukuu mliyaona wenyewe, ila waliokuwa nyuma hawakusikia. Mbele ya akina mama nilichana cheti changu cha zamani, nikasoma kipya: kwamba beji ni kibati cha jiko, kwamba kiliungwa Kasindi na fundi Muhindo ambaye kazi yake nyingine hii hapa, na kwamba aliyeileta alifika Namugongo akiwa amechelewa siku moja. Maman Kahindo alisema kuchelewa hivyo si kufika. Kisha sauti moja kutoka benchi la tatu ikauliza, kwa unyenyekevu, kama anayefika misa baada ya injili huwa amefika au hapana. Mnajua ni nani anayefika baada ya injili, na Maman Kahindo alijua pia. Bendera ikatolewa pembeni ikapewa shangazi.

Aliposimama nayo mlangoni, gauni lake la buluu lilikuwa na vitundu viwili vidogo vya pini kifuani, na juu yake hapakuwa na kitu. Maman Kahindo aliviona.

"Na leo beji iko wapi?"

"Iko ku kazi," alisema shangazi, na akatangulia.